Sisi Tunaotazama: Mhadhara Kuhusu Unyanyapaa Dhidi ya Watu Wenye Usonji

Mheshimiwa Mwenyekiti, walimu, wazazi na wageni waalikwa,

Nimeombwa nizungumzie mitazamo ya jamii kuhusu watu wenye usonji (autism), yaani hali ya ukuaji wa ubongo inayogusa namna mtu anavyowasiliana na wenzake na anavyohisi mazingira yake. Tumezoea kuuliza wana upungufu gani. Leo naomba tujiulize sisi tunaowatazama tunaona nini, na kwa nini tunawahukumu upesi kiasi hiki.

Upesi huo umechunguzwa. Mwaka 2017 mtafiti Noah Sasson na wenzake walichapisha utafiti ambamo watu wasio na usonji waliwaona au kuwasikia kwa muda mfupi sana watu wasiowajua, baadhi yao wakiwa na usonji, kisha wakaulizwa maoni yao. Wenye usonji walipewa alama za chini, na watazamaji walionyesha kutovutiwa sana kuketi nao au kuanzisha mazungumzo nao. Lakini wale waliosoma maneno yaleyale yakiwa yameandikwa, bila sura wala sauti, hawakuwapa alama za chini. Maneno yao, basi, hayakuwa na kasoro yoyote. Waliponzwa na jinsi walivyoonekana na kusikika.

Hali ni hiyohiyo mtoto anapoziba masikio kwenye foleni kwa sababu kelele zimemzidi, kisha akajilaza sakafuni akilia. Wanaomzunguka hawaoni kwamba anaumia. Wanaona mtoto aliyedekezwa, na punde macho yote yanamhamia mama yake. Mama akishatazamwa hivyo mara kadhaa, huanza kumwacha mtoto nyumbani, na jamii ikikosa kumwona mtoto huyo hudhani watoto wa namna yake hawapo.

Inasikitisha kwamba lawama hiyo kwa mama iliwahi kupewa heshima ya sayansi. Daktari wa akili Leo Kanner, aliyeeleza habari za watoto 11 wenye usonji mwaka 1943, baadaye aliandika kuhusu wazazi wasio na uchangamfu, na mwandishi Bruno Bettelheim akaieneza kwa nguvu katika miaka ya 1960 dhana kwamba mtoto hujifungia ndani ya nafsi yake kwa kukosa upendo wa mama. Bernard Rimland, mwanasaikolojia aliyekuwa na mtoto mwenye usonji, aliipinga kwa hoja mwaka 1964, na tafiti za mapacha zilizofuata zikaonyesha kwamba urithi wa kibiolojia una mchango mkubwa. Hata hivyo, mwaka 1998 ilitoka makala ya daktari Andrew Wakefield kuhusu watoto 12, iliyohusisha usonji na chanjo, na ingawa Lancet, jarida la kitabibu lililoichapisha, liliifuta mwaka 2010, wapo wazazi ambao hadi leo wanaamini kwamba walimdhuru mtoto wao siku walipompeleka kuchanjwa. Sababu zinazotajwa hubadilika, lakini mzazi haachi kutafutiwa kosa.

Wenye usonji wenyewe hujibu unyanyapaa kwa kujificha. Mtu hujilazimisha kutazama wenzake machoni, huzuia mikono yake isicheze, hukariri maneno ya kusalimia, na jioni hurudi nyumbani hoi. Tafiti zimehusisha kujificha huku na wasiwasi, sonona na hata fikra za kujiua. Nawasihi walimu mlifikirie hili kabla ya kumsifu mwanafunzi kwamba “siku hizi haonekani kabisa kuwa na usonji.”

Vilevile tusidhani kwamba sifa nyingi ni dawa. Hadithi za vipaji vya ajabu zinawaacha nje wale wasiozungumza na wanaohitaji kusaidiwa maisha yao yote, kana kwamba heshima ni lazima ilipiwe kwa kipaji.

Damian Milton, msomi ambaye mwenyewe ana usonji, alieleza mwaka 2012 kwamba kutoelewana huku kuna pande mbili: wao hupata shida kutusoma, nasi hupata shida kuwasoma. Nikiunganisha hoja hiyo na utafiti wa Sasson, naona jambo ambalo waajiri waliomo humu wanaweza kulianza sasa. Usaili wa kazi humpima mtu kwa dakika chache, ana kwa ana, na hapo ndipo hukumu zetu zinapopotoka zaidi. Mpeni mwombaji maswali mapema kwa maandishi, mruhusuni ajibu kwa kuandika au kwa kuonyesha kazi yenyewe, na asipunguziwe alama kwa kutazama dirishani anapojibu.