Busara ni macho

Wandugu, hii kitu nimeshaisema mara nyingi, wengine hapa mnajua hata nitaanzia wapi, lakini narudilia juu juzi tena nimesikia mzazi anamwambia mtoto "uwe na busara" na maana yake ilikuwa: nyamaza. Hapana bana! Busara tuliitoa kwa Kiarabu, mzizi wake ni b-s-r, basar, na basar ni kuona, kuona kwa macho haya halafu na kuona kwa moyo. Kunyamaza kumeingilia wapi?

Muniachie niseme ya chukudu, ile baiskeli yetu ya mbao ya kubebea mizigo, isiyo na pedali. Kuna kijana anatelemsha kabichi toka Kibumba, mzigo umejaa mpaka yeye mwenyewe haumuoni, nikamuuliza mteremko wote huu unaushikia na nini? Akanionyesha kile kipande cha mpira wa gari kimepigiliwa misumari nyuma, kinalalia gurudumu, anakikanyaga na kisigino, basi. Nikamwambia ile breki njo busara yako. Akacheka mpaka chukudu ikayumba. "Papa, hii nikiikanyaga muda wote inaisha mbele ya kufika Goma. Miye naangalia kule mbali, nikiona kona, nikiona fuso inapanda, naanza mapema." Akasukuma, huyo, akapotea. Miaka yote nafundisha hili neno na mtu wa kabichi ananisahihisha barabarani!

Kifaransa nacho, prudence. Haya, vijana mmeanza kucheka, najua mnafikiria kapoti, ile kondomu inayoitwa Prudence, sawa, aliyeipa lile jina hakukosea. Prudence ni Kilatini, prudentia, wameifupisha toka providentia: kuona mbele. Warumi na Waarabu hawakufanya kikao wakapatana, kila mtu kivyake, na wote wakafika kwenye macho.

Najua kuna mmoja atasimama, "prof, mambo ya Waarabu yanatuhusu nini sisi watu wa Goma?" Na akili je? Unaitaja kutwa, nayo ni ya kwao, aql, tumbo moja na iqal, ile kamba ya kumfunga ngamia mguu asitoroke. Kufunga kuko pale, kwa akili! Munavichanganya, halafu mtoto akiuliza swali munamwambia hana busara, na yeye njo ameona.

Hekima nilitaka niifikie, na hakimu, na hukumu, zote mzizi mmoja, ila naona wananionyesha saa. Haya, maswali. Tuanze na yule mama wa nyuma, ametikisa kichwa toka mwanzo.