Kipindi cha 41: Katapila Imegoma

ZUHURA: Tunarekodi? Haya, karibuni tena. Juma leo ana uso wa mtu aliyelala juu ya kifusi.

JUMA: Sikulala, dada. Nilikaa. Siku mbili nzima nimekaa juu ya kifusi. Jumanne asubuhi katapila ikagoma...

ZUHURA: Katapila gani?

JUMA: Ekskaveta, ile mashine ya kuchimba.

ZUHURA: Basi sema ekskaveta. Katapila ni jina la kampuni. Ilikuwa ya kampuni hiyo?

JUMA: Hapana, ya wengine, na siwataji.

ZUHURA: Kwa hiyo katapila isiyo Caterpillar. Endelea.

JUMA: Haikuzima, na hapo ndipo iliponiuma. Injini inanguruma, nguvu hakuna. Opereta akiuinua mkono, unapanda kama mzee mwenye magoti mabovu. Kwenye skrini kuna taa nyekundu na namba ya hitilafu. Kumbe ni sensa, kile kifaa cha kupima, ya mtungi wa urea. Mtungi umejaa, urea ni safi, sensa ndiyo imekufa.

ZUHURA: Fafanua urea, wapo watakaodhani umehamia kwenye mbolea.

JUMA: Ni ndugu yake mbolea. Asilimia 32.5 urea, iliyobaki maji. Inapuliziwa kwenye moshi wa dizeli ili kuvunja oksaidi za nitrojeni, gesi zenye sumu, kabla hazijatoka nje. Kompyuta ikishuku umeuchezea mfumo huo, inakukata nguvu kwa awamu, mpaka injini ibaki inaunguruma bure. Sasa sikia: fundi wetu aliijua shida kwa dakika kumi, na sensa mpya alikuwa nayo. Akaifunga. Kompyuta ikaikataa! Lazima itambulishwe kwa programu ambayo iko kwa wakala wa kampuni tu. Kijana wa laptopu alifika Alhamisi, akafanya kazi dakika nne. Nilihesabu.

ZUHURA: Na katapila ikaamka.

JUMA: Umesema katapila!

ZUHURA: Nilikuwa nakunukuu. Na leo tulipanga mambo matatu: mashine za umeme, mashine zisizo na dereva, na mitambo inayojipigia ripoti yenyewe. Tuanze na umeme kabla hujanipoteza.

JUMA: Swali moja kwanza. Tingatinga ya umeme utaiitaje?

ZUHURA: Hapana, Juma.

JUMA: Nauliza kwa dhati! Mimi miaka yote nimeamini tingatinga ni mlio. Ting, ting, ting. Sasa ya betri hailii. Inavuma kama jokofu. Jina lake limekufa.

ZUHURA: Kwanza tukubaliane tingatinga ni nini. Nusu ya wasikilizaji wetu wanasema trekta, nusu wanasema buldoza.

JUMA: Buldoza ni katapila.

ZUHURA: Dakika tano zilizopita katapila ilikuwa ekskaveta!

JUMA: Katapila ni chochote kinachotembelea minyororo. Nimemsikia mtu, tena fundi, akisema "katapila ya Komatsu", yaani ya kampuni nyingine kabisa ya Japani, na kila mtu kwenye eneo la kazi akaelewa. Ninyi wa ofisini ndio mnaumia.

ZUHURA: Na kipakiaji cha magurudumu manne?

JUMA: Hicho... nacho pia tunakiita katapila.

ZUHURA: Mungu wangu. Basi nirudi kwenye umeme kwa nguvu. Kilo moja ya dizeli ina nishati ya takriban kilowati-saa 12. Kilo ya betri ya lithiamu, seli peke yake, ni kama robo moja ya kilowati-saa ukibahatika. Injini ya dizeli inapoteza zaidi ya nusu kwa joto, kweli, lakini pengo bado ni kubwa mno. Ndiyo maana umeme ulianzia kwa vidogo. Volvo mwaka 2019 walionyesha ekskaveta ndogo na kipakiaji kidogo vya betri. Mashine inayochimba mfereji saa kadhaa na usiku inalala penye waya, hiyo inawezekana. Buldoza inayosukuma udongo zamu mbili mfululizo, mbali na nguzo yoyote ya umeme, ni habari nyingine.

JUMA: Lakini ile ya Uswisi?

ZUHURA: Ile naipenda! Lori la machimbo la tani 45 likiwa tupu. Linapanda mlima tupu, linabeba tani 65 za mawe, halafu linashuka. Likishuka, mota zinageuka jenereta, breki zinajaza betri. Uzito wa mawe ndio unaolipia safari ya kupanda.

JUMA: Kwa hiyo ni tingatinga inayokula mawe.

ZUHURA: Ni lori!

JUMA: Basi katapila.

ZUHURA: Nakuzima maiki. Turudi kwenye sensa yako, maana kuna kitu sikubaliani nacho. Wewe unataka programu ile ifunguliwe kwa kila fundi.

JUMA: Kwa mwenye mashine. Nimenunua chuma, nimenunua na kompyuta yake.

ZUHURA: Wiki ya kwanza ikifunguliwa, nusu ya mafundi watang'oa mfumo wa urea mzima. Unajua watang'oa. Wa kwanza kuvuta moshi huo ni kibarua aliye ndani ya mfereji, kwanza kabisa kabla yako wewe.

JUMA: Mimi sikuomba kung'oa. Nimetoa sensa, nimeweka sensa ile ile.

ZUHURA: Kompyuta haijui nia yako.

JUMA: Sheria inaijua. Jimbo la Colorado huko Marekani lilipitisha mwaka 2023 sheria ya wakulima kutengeneza mashine zao, ikaanza kazi Januari 2024. Wanapewa zana na programu, na bado hawaruhusiwi kuvuka sheria za moshi. Kumbe vinatenganishika!

ZUHURA: Kwenye karatasi. Nani anapita shamba kwa shamba kukagua? Na kufuli hilo la programu lina faida. Komatsu walianza kuweka KOMTRAX, mfumo wa kufuatilia mashine kwa mbali, kama kifaa cha kawaida mwaka 2001 huko Japani, wakati ekskaveta zilikuwa zinaibwa kwenda kung'oa mashine za ATM. Mwaka 2022 ikaripotiwa mitambo ya kilimo iliyoporwa Melitopol, Ukraine, ikapelekwa Chechnya, Urusi, ikakutwa imefungwa kwa mbali. Wezi wakabaki na mapambo.

JUMA: Na mimi nilibaki na pambo siku mbili! Sikuiba kitu. Kufuli ni lile lile, dada. Ufunguo hauko kwangu, hilo ndilo tatizo.

ZUHURA: Afadhali ufunguo uwe kwa mtu anayewajibika.

JUMA: Aliyewajibika alichukua siku mbili kufika.

ZUHURA: Basi dai afike haraka. Usidai kufuli livunjwe.

JUMA: Sivunji! Nadai nakala ya ufunguo.

ZUHURA: Hatufiki.

JUMA: Hatufiki.

ZUHURA: Na hapa naonyeshwa kidole kwamba zimebaki dakika mbili. Mashine zisizo na dereva hatujagusa. Nilikuwa na karatasi mbili nzima!

JUMA: Sema sentensi moja.

ZUHURA: Malori ya Komatsu yasiyo na dereva yalianza kazi ya kibiashara mwaka 2008 kwenye mgodi wa shaba wa Gabriela Mistral, Chile, na...

JUMA: Sasa katapila bila opereta, ikigoma, nani atakayekaa juu ya kifusi?

ZUHURA: Wewe. Na ni lori, Juma. Lori.