Acheni Kununua Mbegu, Pimeni Maji

Ahsante Mwenyekiti. Nimepewa dakika kumi na tano, na wanaonijua wameshaanza kucheka.

Swali ni lile lile kila tukikutana hapa Mombasa: "Mwalimu, mawe ya tangi langu la samaki wa baharini yana miezi minane na bado ni meupe kama mifupa. Ninunue chupa gani ya mbegu za mwani?" Hakuna chupa. Mwani koralini, ule wa waridi na zambarau unaoganda kwenye jiwe kama rangi ya mafuta, uliingia tangini siku ulipoleta konokono wako wa kwanza. Alikuja nao mgongoni. Haukui kwa sababu hauna cha kujengea, au ulichoupa jana leo umeunyang'anya.

Nasema kujenga kwa sababu mwili wake ni chokaa. Ni mwani mwekundu, lakini mgumu kiasi kwamba Linnaeus, yule Mswidi aliyepanga viumbe kwa makundi, aliuweka kwenye kundi la wanyama.

Sasa chokaa. Sisi watu wa Pwani chokaa tunajidai tunaijua. Nyumba za Mji wa Kale ni mawe ya matumbawe, na chokaa yake ilichomwa tanurini kutokana na matumbawe hayo hayo. Basi nikajiambia, kuna shida gani nikiirudishia bahari mali yake? Nikaenda dukani kwa vifaa vya ujenzi, nikanunua mfuko wa chokaa ya kupaka ukuta. Saa tatu asubuhi nikakoroga kikombe kizima kwenye ndoo, nikamimina kwa mkupuo kwenye tangi la lita 250.

Maji yakageuka tui. Si tui la pili, tui zito la kwanza. Mke wangu akatoka jikoni, akatazama, akauliza, "Leo unapika samaki wa kupaka?" Hadi jioni samaki wawili walikuwa wamekufa, na pampu inanguruma kama mzee mwenye pumu. Niliifungua nikakuta ukoko, ndugu zangu, ukoko kama wa sufuria ya wali, umeshika hadi kwenye panga za ndani. Niliitumbukiza kwenye siki na ule ukoko ukachemka povu. Hapo ndipo nilipoelewa: kile kinachotoka povu ndani ya siki ndicho chakula nilichokuwa nataka mwani wangu ule. Nilipima kalsiamu, ikawa imeshuka kuliko kabla sijatia kitu! Chokaa ikizidi ghafla, maji yanakuwa makali mno, na kalsiamu na ualkali, yaani ile kaboneti iliyoyeyuka majini, vinashikana na kudondoka chini kama unga. Mwani unabaki na njaa, pampu imeshiba.

Najua mnachotaka kusema. "Mwalimu, kosa lako ni chokaa ya ukuta." Kweli, ile ina uchafu wake, tumieni hidroksidi ya kalsiamu safi. Lakini hata iliyo safi, ukiimimina kwa mkupuo, utapika tui vile vile.

Nilivyofanya baadaye ni hivi. Vijiko viwili vidogo kwa ndoo ya lita nne ya maji yaliyochujwa madini yote, si maji ya kisima. Acha itulie, chukua yale maangavu ya juu, uache mashapo. Halafu mpira wa dripu kama ule wa hospitalini: tone, tone, usiku kucha, kufidia maji yanayokauka. Usiku kwa sababu taa zikizimwa pH, kile kipimo cha asidi ya maji, hushuka, na maji ya chokaa huipandisha. Vaeni glavu, yanachoma.

Na ualkali upimwe kila siku saa ile ile, wiki nzima. Mimi nauweka kwenye digrii 8 na nusu, digrii za ualkali (dKH), si za joto. Wewe ukipenda 9, weka 9, ugomvi wangu ni wa anayeruka kutoka 7 hadi 11 kila Jumamosi. "Mbona baharini hakuna anayepima?" Mwanangu, Bahari ya Hindi si lita 250. Ukikosea kijiko pale ufukweni Nyali, hakuna kaa atakayejua.

Wiki ya sita nikaona doa la zambarau kwenye plastiki ya pampu, dogo kama punje ya mtama. Kwenye pampu, si kwenye mawe niliyoyalipia! Niliita watoto waje kuona, wakarudi kwenye televisheni.

Mwenyekiti ananionyesha saa. Haraka basi. Kalsiamu, 420 kwa lita, miligramu. Magnesi 1,300, msiisahau, imo ndani ya chokaa ya mwani huu na tena huzuia yale mambo ya tui. Fosfeti ikizidi, ujenzi unakwama. Taa mpya kali huuchoma, unageuka mweupe. Chini ya vivuli vya mawe ndiko unakostawi. Wale wanyama wa miiba tunaowakanyaga ufukweni wanaukwangua na kuula, kwa hiyo usilie umewafuga halafu ukauliza umekwenda wapi. Mambo ya mkondo wa maji tuyaache hadi siku nyingine.

Kwenye kopo hili nina konokono sita, migongo yao zambarau tupu. Ni bure. Anayemtaka mmoja aje na karatasi yenye vipimo vya ualkali vya siku saba. Si vya kukisia jana usiku, naijua kalamu iliyoandika vyote kwa kikao kimoja.