Ekari Moja, Ploti Nane: Kahawa ya Kiambu Inapogeuka Mtaa

NJERI: Karibuni tena, wasikilizaji. Leo tuko Kiambu, jirani na Nairobi, kwa mkulima wa kahawa wa ekari moja au mbili. Mashamba makubwa yana wasemaji. Mji mpya wa Tatu City pale Ruiru umejengwa kwenye mashamba ya kahawa ya ekari zipatazo 5,000, na kila mtu anaujua. Huyu mdogo, kaka Baraka, hana wa kumsemea.

BARAKA: Na ndiye anayeuza haraka. Mimi simlaumu. Msimu wa 1987/88 Kenya ilivuna karibu tani 128,000 za kahawa. Mwaka 1989 mfumo wa migao katika soko la dunia, uliopanga kila nchi iuze kahawa kiasi gani, ukavunjika, bei ikaporomoka. Siku hizi hata nusu ya mavuno yale ni kazi kuifikia.

NJERI: Unachuma, unapeleka kwenye kiwanda cha ushirika, unapimiwa, unapewa risiti, halafu unangoja miezi. Karo haingoji.

BARAKA: Halafu 2012 barabara kuu ya kutoka Nairobi hadi Thika ikafunguliwa rasmi. Madalali wakaanza kupiga hodi.

NJERI: Hapo ndipo ninapoumia. Dalali anamlipa mzee kwa ekari. Ekari ni futi mraba 43,560, na ploti ya hamsini kwa mia ni 5,000. Toa barabara ya ndani, zinabaki ploti saba au nane. Kwa hiyo shamba linanunuliwa kwa ekari na kuuzwa kwa ploti, na mzee hapati chochote katika hiyo tofauti. Mibuni imeng'olewa, tinga limepita, bikoni za mipaka zimepandwa pembeni, bango limesimama. Basi.

BARAKA: Lakini dada, kuna mpimaji, kuna mpangaji wa ardhi, kuna idhini ya kaunti. Hivyo vyote ni pesa.

NJERI: Ni pesa, ndiyo. Ndiyo maana nasema majirani watatu wakae pamoja, waajiri mpimaji mmoja mwenye leseni, wagawe wenyewe. Wauze ploti kadhaa, nyingine wajenge vyumba vya kupangisha. Kodi ya nyumba inakuja kila mwezi. Pesa ya shamba zima ikiletwa siku moja, nimeona inavyoyeyuka: gari, harusi, mkopo wa jamaa.

BARAKA: Na anayenunua naye aulize maji taka yanakwenda wapi. Mitaa mingi hii kila nyumba ina shimo lake, na visima viko hapo hapo.

NJERI: Aulize kabla ya kulipa.

BARAKA: Na kama mzee ameshapokea malipo ya awali?

NJERI: Bado kuna bodi ya ardhi. Shamba la kilimo haliuzwi bila idhini yake, na ombi lisipopelekwa ndani ya miezi sita tangu mapatano ya kuuza, mauzo ni batili, isipokuwa mahakama iongeze muda. Kama ni ardhi ya ndoa, mke lazima akubali. Mama, ukisikia shamba lenu limeitwa kwenye kikao cha bodi, nenda. Hata kama hujaambiwa nyumbani, nenda ukaseme.