Goti Linapoumia Bila Kuguswa: Mhadhara kwa Makocha na Wachezaji

Ahsanteni, makocha na wachezaji. Nimeombwa nizungumzie magoti, na nitaanza na swali ambalo kila mtu huuliza mchezaji akianguka: nani kamgonga?

Kwa kano la msalaba la mbele, lile ambalo watangazaji wa michezo huliita ACL, jibu mara nyingi ni hakuna. Mchezaji alikuwa anakata kona kwa kasi, au ameruka akatua kwa mguu mmoja. Goti likaingia ndani, paja likazunguka, wayo ukabaki umenasa chini. Uchambuzi wa picha za video unaonyesha kuwa kano hukatika katika kama sehemu ya ishirini ya sekunde baada ya wayo kugusa ardhi. Muda wa kufikiri haupo. Mwili unafanya kile ulichozoeshwa mazoezini, na ndiyo sababu nasema jeraha hili ni la kocha kabla halijawa la daktari.

Ndani ya goti kuna makano makuu manne: mawili pembeni, na mawili katikati yaliyopishana. Kati ya fupa la paja na muundi zimelala gegedu mbili zenye umbo la mwezi mchanga, meniskasi, zinazopokea mshindo. Ukingo wake wa nje unapata damu, sehemu ya ndani haipati. Kwa hiyo pasuko la ukingoni laweza kushonwa likapona, la ndani mara nyingi haliponi. Kano la pembeni upande wa ndani lina bahati zaidi. Mara nyingi hupona bila kisu.

Sasa uwanjani. Ukisikia mlio ndani ya goti, kisha likavimba ndani ya saa mbili, chukulia kwamba damu imeingia kwenye kiungo na kano la msalaba liko mashakani. Uvimbe unaojitokeza kesho yake huelekea zaidi kwenye meniskasi. Goti lililokwama, lisilonyooka kabisa, halisubiri wiki ijayo. Na asiyeweza kupiga hatua nne, au kukunja goti hadi nyuzi 90, au anayeumia ukibonyeza pia ya goti, apigwe eksirei kwanza.

Huduma ya kwanza ni fupi: toka uwanjani, funga bandeji, inua mguu. Barafu iliyofungwa kitambaani inapunguza maumivu, basi. Gabe Mirkin, daktari wa Marekani aliyeieneza mwaka 1978, mwenyewe alikuja kusema baadaye kwamba huenda inachelewesha kupona. Siku za mwanzo msichue wala msikande kwa maji ya moto. Na sindano ya kuua maumivu ili mtu amalize mechi, mimi naiita uhalifu.

Je, lazima upasuaji? Si kwa kila mtu. Utafiti wa Sweden uliochapishwa mwaka 2010 ulifuatilia vijana 121 waliokatika ACL. Wengine walipasuliwa mapema, wengine walianza na mazoezi ya tiba, upasuaji ukiwekwa akiba. Baada ya miaka miwili zaidi ya nusu ya hao wa pili hawakuwa wamepasuliwa, na hali ya magoti yao kwa jumla haikuwa mbaya kuliko ya wenzao. Lakini goti likiendelea kulegea na kumwangusha mtu, na mchezo wake ni wa kugeuka ghafla, upasuaji una sababu. Hata hivyo daktari anarudisha kano tu. Nguvu ya paja inarudishwa na mazoezi ya miezi.

Miezi mingapi kabla ya kurudi mchezoni? Isipungue tisa. Utafiti wa Norway wa mwaka 2016 ulikuta kuwa kila mwezi wa kusubiri, hadi kufikia wa tisa, ulipunguza hatari ya kuumia tena kwa karibu nusu. Tarehe peke yake haitoshi: mguu ulioumia ufikie walau asilimia 90 ya nguvu ya mwenzake. Makocha, mnaponiuliza “hata dakika ishirini za mwisho?”, jibu langu ni hapana.

Kinga ipo, na ni rahisi hadi watu wanaidharau. Nchini Sweden, wasichana zaidi ya 4,500 wa soka, wenye miaka 12 hadi 17, walishiriki jaribio lililochapishwa mwaka 2012. Timu zilizofanya robo saa ya mazoezi ya goti na kiwiliwili mara mbili kwa wiki zilipata majeraha ya ACL pungufu kwa asilimia 64. Na wasichana ndio walio hatarini zaidi. Mazoezi yenyewe ni kuchuchumaa kwa mguu mmoja, kuinua nyonga, kuruka na kutua. Kocha asimame mbele na kuangalia jambo moja: goti lielekee kwenye vidole, lisiingie ndani. Anayetua kwa kishindo arudie.

Nimebakiza goti linalouma polepole, chini ya pia, kwa warukaji hasa. Hilo halitaki kitanda. Punguza kuruka, fanya mazoezi mazito ya paja kwa mwendo wa taratibu, na vumilia maumivu madogo. Asubuhi ndiyo kipimo: yakiwa yamezidi ya jana, punguza uzito, yakiwa yametulia, endelea.