Isotopu, kuoza kwa viini na nusu-maisha: tukokotoe pamoja mpaka Olduvai

Habari za wakati huu, mtazamaji wetu. Andaa kalamu, karatasi na kikokotoo. Tafuta pia boksi kuukuu, ulikate vipande vidogo 100 vinavyolingana, kila kimoja ukitie alama ya X upande mmoja. Viweke pembeni, tutavihitaji baada ya muda mfupi.

Kazi ya leo ina mwisho unaoeleweka. Mwaka 1961 wataalamu walitangaza kwamba fuvu la Zinjanthropus, lililopatikana Olduvai, lina umri wa miaka milioni 1.75. Wengi tumelikariri jibu hilo tangu shule ya msingi. Leo tutalikokotoa wenyewe.

Hatua ya kwanza: kusoma jina la isotopu. Tazama hapa nilipoandika potasiamu-40. Kwenye jedwali la elementi, potasiamu ina namba atomia 19, maana yake kiini chake kina protoni 19. Hiyo haibadiliki kamwe. Ikibadilika, hiyo si potasiamu tena. Ile 40 ni namba ya tungamo, yaani protoni na nyutroni kwa pamoja. Basi toa: 40 kutoa 19, unapata nyutroni 21.

Sasa fanya mwenyewe potasiamu-39 na potasiamu-41. Simamisha video kidogo.

Umepata nyutroni 20 na 22? Vizuri. Hizo tatu ni isotopu za elementi moja: protoni sawa, nyutroni tofauti. Kwa upande wa kemia ni ndugu wasiotofautishika. Zote zina elektroni 19, zote zinaungana na klorini vilevile, na mgomba unazifyonza kutoka ardhini bila kuchagua. Tofauti imo ndani ya kiini. Ya 39 na ya 41 zimetulia. Ya 40 haijatulia, na ni chache sana: katika atomu milioni moja za potasiamu utakuta kama 117 tu. Hata hivyo, kwenye gramu moja ya potasiamu ya kawaida viini kama 31 vinaoza kila sekunde, yaani vinageuka kuwa viini vya elementi nyingine huku vikitoa mionzi. Kwa hiyo ndizi uliyokula asubuhi ina mionzi kidogo, na wewe mwenyewe pia unayo. Usiogope matoke kwa sababu hiyo. Mwili hujipimia potasiamu na ziada huitoa kwenye mkojo.

Hatua ya pili: kuandika mlinganyo wa kuoza. Hapa kanuni ni mbili tu. Namba za tungamo za kushoto na kulia zilingane, na namba za protoni zilingane.

Kiini kikitoa chembe ya alfa, kinapoteza protoni 2 na nyutroni 2. Urani-238 yenye protoni 92 inakuwa thori-234 yenye protoni 90. Toa 4 juu, toa 2 chini, umemaliza.

Beta ndiyo inayowachanganya wanafunzi. Nyutroni moja inageuka protoni, na elektroni inarushwa nje. Tungamo halibadiliki, ila protoni zimeongezeka moja. Iodini-131, yenye protoni 53, inakuwa zenoni-131, yenye protoni 54. Ukiona jibu lako protoni zimepungua baada ya beta ya aina hii, rudi nyuma, umekosea. Gama nayo ni nishati tu, haigusi namba yoyote kati ya hizo mbili.

Potasiamu-40 ina njia mbili za kuoza. Katika kila viini 1,000 vinavyooza, kama 893 vinapita njia ya beta na kuwa kalsiamu-40, yenye protoni 20. Vile 107 vilivyobaki vinafanya kinyume chake: kiini kinanasa elektroni ya atomu yake, protoni moja inageuka nyutroni, na tunabaki na agoni-40, yenye protoni 18. Iandike hiyo 107 kwa 1,000 mahali unapoiona, yaani 0.107. Bila hiyo hatufiki Olduvai.

Hatua ya tatu: nusu-maisha. Leta vile vipande vya boksi.

Viweke kwenye mfuko, tikisa, mwaga mezani. Kila kilicholala alama ya X juu, kiondoe, hicho kimeoza. Hesabu vilivyobaki, andika. Rudisha vilivyobaki mfukoni, tikisa tena, mwaga tena. Endelea mpaka viishe.

Utapata kitu karibu na 50, kisha karibu na 25, kisha 12 au 13, na kadhalika. Kila mtikiso mmoja ni nusu-maisha moja, yaani muda wa nusu ya viini vilivyopo kuoza. Angalia jambo ambalo vitabu vingi hulipita haraka. Kipande kilichosalimika mitikiso minne hakijachoka. Kwenye mtikiso wa tano nafasi yake ya kuondoka ni nusu, kama ilivyokuwa mara ya kwanza. Atomu nayo ni hivyo. Kiini cha potasiamu-40 kilichokaa miaka bilioni nne hakikaribii kifo kuliko chenzake. Hakuna anayeweza kusema kiini fulani kitaoza lini, lakini kwa kundi kubwa tunaweza kusema kwa uhakika mkubwa nusu yake itaoza ndani ya muda gani. Na utaona mwenyewe kwamba vikibaki vipande saba, matokeo yanaanza kuyumba. Unaweza kuondoa viwili au hata vitano. Gramu moja ya potasiamu ina atomu nyingi mno kiasi kwamba kuyumba huko hakuonekani.

Jambo jingine: kiini hakijali unachokifanyia atomu kwa nje. Mwaka 1986, baada ya ajali ya kinu cha nyuklia cha Chernobyl, iodini-131 ilianguka kwenye majani, ng'ombe wakala, ikaingia kwenye maziwa, na watoto waliokunywa ikawakusanyikia kwenye tezi ya shingo. Kuchemsha maziwa hayo hakusaidii chochote. Kuyageuza jibini au maziwa ya unga na kuyaweka ghalani kunasaidia, kwa sababu nusu-maisha ya iodini-131 ni siku 8. Siku 80 ni nusu-maisha 10. Gawanya kwa mbili mara kumi, utakuta imebaki sehemu 1 ya 1,024.

Hatua ya nne: kukokotoa kwenda mbele. Tukae na iodini hiyohiyo, kwa sababu hospitali huitumia kutibu tezi ya shingo. Tuseme chupa imefika ikiwa na megabekereli 400. Bekereli moja ni kiini kimoja kinachooza kwa sekunde. Baada ya siku 24 imebaki ngapi?

Kwanza gawanya muda kwa nusu-maisha: 24 kwa 8 ni 3. Kisha nusisha mara tatu: 400, 200, 100, 50. Jibu ni megabekereli 50. Tafadhali usifanye kama wale wanaosema nusu imekwenda siku 8 za kwanza, basi nusu ya pili itakwenda siku 8 zinazofuata na chupa iwe tupu siku ya 16. Kila mara tunanusisha kilichobaki, wala si kile tulichoanza nacho.

Je, siku 20? Hapo 20 kwa 8 ni 2.5, na huwezi kutikisa mfuko mara mbili na nusu. Wengi huchukua katikati ya 100 na 50 na kuandika 75. Siyo. Mchoro wa kuoza ni mkunjo, si mstari ulionyooka. Chukua kikokotoo: 0.5 kwa kipeo cha 2.5, unapata 0.177. Zidisha kwa 400. Imebaki kama 70.7.

Kanuni yenyewe ndiyo hii iliyoko kwenye skrini: kilichobaki ni sawa na cha mwanzo mara nusu kwa kipeo cha muda gawanya kwa nusu-maisha. Ukiwa nayo hiyo, huhitaji nyingine ya kwenda mbele.

Hatua ya tano: kurudi nyuma. Sasa tumefika Olduvai.

Tarehe 17 Julai 1959, Mary Leakey aliliona fuvu lile likichomoza kwenye udongo wa bonde. Mumewe, Louis, alikuwa kambini na homa. Umri alioukadiria Louis mwanzoni ulikuwa kama miaka 600,000. Ni kadirio la mtu mzoefu, lakini halikuwa na kipimo nyuma yake.

Labda unawaza, si tutumie kaboni-14? Tujaribu. Nusu-maisha yake ni miaka 5,730. Gawanya 1,750,000 kwa 5,730, unapata kama 305. Sasa nusisha chochote mara 305. Hata ukianza na kaboni-14 yenye uzito wa dunia nzima, usingebaki na atomu hata moja. Kaboni ni ya maelfu ya miaka, haifai hapa. Unahitaji saa inayokwenda polepole, na nusu-maisha ya potasiamu-40 ni miaka bilioni 1.25.

Na hatupimi mfupa. Tunapima majivu ya volkeno za nyanda za Ngorongoro, yaliyotanda bondeni na kufunikana tabaka juu ya tabaka. Uzuri wake ni huu: agoni ni gesi isiyoungana na kitu. Mwamba ukiwa bado uji wa moto, agoni inatoroka. Ukiganda, fuwele zinajifunga, na agoni yoyote inayozaliwa humo kutoka kwenye potasiamu-40 inabaki imefungiwa. Saa imeanza kwenye sifuri. Vipimo hivyo vilifanywa na Jack Evernden na Garniss Curtis wa Chuo Kikuu cha California, Berkeley.

Tuigize hesabu yao kwa namba nilizozichagua ziwe nyepesi. Tuseme fuwele yetu ina agoni-40 atomu 104 kwa kila atomu 1,000,000 za potasiamu-40.

Je, viini vilivyooza ni 104? Hapana. Kumbuka ile 0.107: wengine walikwenda kuwa kalsiamu, na kalsiamu haitusaidii kwa sababu mwamba ulikuwa nayo tele tangu mwanzo. Kwa hiyo 104 gawanya kwa 0.107, unapata viini kama 972 vilivyooza kwa kila milioni. Kama sehemu, ni 0.000972.

Hiyo ni sehemu ndogo sana ya viini vyote, na kwa sehemu ndogo namna hii kuna njia ya mkato: gawanya kwa 0.693. Unapata 0.001403. Hiyo ndiyo idadi ya nusu-maisha zilizopita, yaani sehemu moja na kitu kati ya elfu ya nusu-maisha moja. Zidisha kwa miaka bilioni 1.25.

Kikokotoo kinasema nini? Miaka kama milioni 1.75.

Njia hiyo ya mkato usiitumie pale ambapo sehemu iliyooza imezidi kama asilimia 5; hapo tumia logi asilia. Na ikiwa mwamba ulipata joto tena baada ya kuganda, agoni ilivuja, na jibu litatoka dogo kuliko umri wa kweli. Ndiyo maana wapimaji huchukua sampuli nyingi, na huziangalia fuwele kwa hadubini kabla ya kuziyeyusha.

Zoezi la kubaki nalo. Mashine nyingi za kutibu saratani zilijengwa kwa kobalti-60, yenye nusu-maisha ya miaka 5.27. Chanzo kimeanza na terabekereli 200. Kitafika 25 baada ya miaka mingapi? Na kama mgonjwa alikaa chini ya mashine dakika 2 chanzo kikiwa kipya, atakaa dakika ngapi siku hiyo ili apate dozi ileile? Andika majibu yote mawili kabla ya kusogeza video. Ukipata miaka 15.8 na dakika 16, umeelewa kwa nini hospitali hubadilisha chanzo hicho mapema, kabla ya kufika huko.