Kichwa kinasafiri, mguu unabaki kwenye klave

Watu wangu wa nyumbani, wakubwa shikamooni, vijana mambo vipi. Leo nipo sebuleni kwangu hapa Brooklyn, nje mvua inanyesha, na nimeshika santuri ambayo nina wiki ya tatu siitoi kwenye mashine. Ukiisikia utadhani ni ya 1975. Imetoka 2022.

Ni santuri ya salsa, ya bendi ya Meridian Brothers wa Bogotá, Kolombia. Jina linasema ndugu, ila studioni ni Eblis Álvarez, na kwa kawaida karibu kila ala anaipiga mwenyewe. Safari hii akabuni bendi nzima ya salsa ya miaka ya 1970, El Grupo Renacimiento, bendi ambayo haikuwahi kuwepo duniani! Waliomtolea ni Ansonia, kampuni ya hapa New York iliyoanza 1949, na ilikuwa imepita zaidi ya miaka 30 bila kutoa muziki mpya.

Sasa nisikilizeni, nagonga meza. Ko… ko… ko. Ko-ko. Matatu, kisha mawili. Hiyo ndiyo klave, salsa yote imeegemea hapo. Juu yake huyu bwana anafanya mambo yake ya saikedelia: sauti zinapinda kama zinatoka chini ya maji, mwangwi unazunguka. Kwenye "Metamorfosis" mtu anaamka asubuhi kageuka roboti. Lakini klave haigusi kabisa. Wengine wanamwaga mwangwi hadi kwenye tumba, zile ngoma ndefu za mkono, mchezaji hajui aingilie wapi. Mimi hiyo siiti salsa.

Na nyinyi wa Morogoro, muziki huu si mgeni kwenu. Mizizi ya salsa iko Kuba, na zile santuri zilizoitwa GV zilianza kutuletea muziki wa Kuba huko Afrika tangu miaka ya 1930; wazee wetu wakaupokea, wakauimba kwa Kiswahili. Bendi ya Cuban Marimba ya Salum Abdallah ilikuwa hapo hapo mjini kwenu, jamani.

Juzi nilimpigia baba simu ya video, nikasogeza simu kwenye spika. Ule mwangwi ulipoingia akakunja uso, nikajua basi, kaukataa. Kimya. Halafu nikaona bega la kushoto linaanza, taratibu, lile bega lake la kwenye harusi. Wimbo ulipoisha akasema, "Mwanangu, hebu rudisha mwanzo."